Mtoto Niliyemkana Kisangani

Wiki yangu ya pili Kisangani, muuguzi niliyepangiwa kufanya naye kazi aliniuliza kama nina mtoto. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia mjini kutoka Maniema, kila siku na kilemba safi na sauti ya chini, na swali lilimtoka hivihivi tu, sote wawili tukiwa tumepiga magoti kwenye mkeka tukimnyoosha miguu mtoto wa mtu. Nikamjibu kwamba sina.

Nilikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Nilikuwa nimemwacha Morogoro kwa mama yangu.

Sikupanga kudanganya. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa watoto wenye mtindio wa ubongo, wale ambao mwili haufuati akili. Shirika moja dogo lilitafuta watu wa kujitolea kwa miezi kumi kwenye kliniki ya watoto huko Kongo, wanaojua kazi hiyo na wanaojua Kiswahili. Nikajaza fomu jioni moja nikiwa nimechoka na kila kitu, bila kuamini kwamba watanijibu. Wakajibu. Baba wa mwanangu alikuwa ameshaanza maisha yake kwingine. Mama akasema nenda, mimi nipo, na mtoto yupo.

Mwanangu alinisindikiza hadi stendi akiwa ameng'ang'ania mkanda wa mkoba wangu. Akaniuliza kama hao watoto ninaokwenda kuwatibu hawana mama zao. Nikamwambia wanao. Akanitazama kidogo, halafu akageuka kuangalia mabasi. Hakuuliza tena, nami nilikaa na swali lile kwenye ndege zote tatu. Kwa hiyo pale mkekani muuguzi aliponiuliza, niliona haya kusema kwamba nina wangu, anayekimbia na kupanda miti, na nimemwacha nije kuwashika wa wenzangu. Neno "sina" likatoka kabla sijalipima. Na ukishasema jambo kama hilo mbele ya watu unaowaona kila siku, unaanza kuishi nalo.

Kliniki ilikuwa nyumba ndefu ya zamani yenye baraza pana. Barazani ndipo tulipofanya kazi, kwa sababu ndani umeme ulikatika kila mara, na watu walinyoosha kidole upande wa maporomoko ya Tshopo, unakotoka umeme wa mji mzima, kama mtu anayemlaumu jirani. Watoto waliletwa asubuhi migongoni. Wengine walikuwa na miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, wengine kifafa, wengine vichwa vilivyojaa maji. Wengi walikuwa wangu, wa mtindio wa ubongo. Kina mama waliniita mama kiné, kwa kifupi cha jina la Kifaransa la kazi yangu, na Kiswahili changu kiliwachekesha. Walisema ni kama cha Biblia. Mimi nilisema "mtoto amekaa", wao wakasema "mutoto iko naikala", na Lingala ikiingia katikati wakati wowote ilipotaka. Mwezi wa pili nikaanza kuwaelewa bila kuuliza. Wa tatu nikajikuta nami nasema "malembe" kila ninapotaka kusema polepole, na hadi leo neno hilo linanitoka.

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Mwanzoni mwanangu aliisubiri simu, mama aliniambia, anakaa nayo mapajani. Baadaye akawa anaongea mbiombio ili arudi kucheza. Mwezi wa nne siku moja nikamsikia akimwita mama yangu "mama", si "bibi" kama zamani, na mama yangu akaitika bila kumrekebisha. Nilijua si kwa ubaya. Mtoto huita mtu aliye karibu. Lakini nilipokata simu nilikwenda kufua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi.

Msichana mmoja aliletwa na baba yake. Hilo peke yake liliwafanya kina mama barazani wageuke, maana kwa kawaida waliwaleta wao. Baba alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye mashavu ya miguu magumu kama ya mkimbiaji. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria kwa baiskeli, toleka, wanavyoziita pale, na mtoto alikuwa amemfunga kifuani kwa kitenge ili mgongo wake ubaki huru kwa kuendesha. Alimfungua taratibu, akamlaza kwenye mkeka, akavua kofia.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Siku chache baada ya kuzaliwa aligeuka njano macho na ngozi, na walipofika kwa daktari muda ulikuwa umepita. Shingo haikuweza kubeba kichwa. Mikono ilikakamaa ukimshtua, halafu ikalegea kama kamba. Lakini macho yalinifuata. Niliposogea kushoto yalikuja kushoto, niliposogea kulia yalikuja kulia, na nilipojificha nyuma ya nguzo na kutokea upande mwingine, alicheka kwa sauti nzito ambayo hukuitegemea kwa mwili mdogo vile.

Baba akasema, "Mama kiné, huyu mutoto iko na akili. Angalia macho yake. Mwili tu njo inakataa."

Nikamwambia ndivyo ninavyoona na mimi. Alitulia kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Inaelekea hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Mama wa mtoto alikuwa Ubundu, mwisho wa reli, akiwa na kichanga na kazi ya kukausha samaki pamoja na ndugu zake. Baba alibaki mjini kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya huyu mtoto, kwenye chumba huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Kila Jumanne na Ijumaa alivuka na mtumbwi wa mashine, baiskeli imelala kwenye mbao na mtoto kifuani. Wenzake walimcheka, aliniambia, kwamba amegeuka mwanamke. Alisema hivyo bila hasira, akiwa anamkunja mtoto goti kama nilivyomfundisha.

Siku moja naye aliniuliza. Mama kiné una watoto? Nikasema sina, haraka, na nikamwonyesha namna ya kushika nyonga.

Nilimpenda yule mtoto kupita ilivyotakiwa. Katika kazi yetu tunafundishwa kugawa moyo sawa kwa wote, na huwa nagawa, lakini Jumanne na Ijumaa nilisikia kengele ya baiskeli tangu njia panda na mikono yangu ikaacha ilichokuwa ikifanya. Mtoto alinuka mafuta ya mawese na moshi. Nilipomweka mapajani kumfanyisha mazoezi ya shingo, mgongo wake ukiegemea tumbo langu, kuna dakika nilisahau nimeshika mtoto wa nani. Nikimnusa utosini, moyo unatafuta harufu nyingine, ya mafuta ya nazi na vumbi la uwanja wa shule ya awali ya Morogoro, hauipati, unarudi kwa huyu. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Kila mmoja alinifanya nimtamani mwingine.

Mtoto wa namna ile anahitaji kiti kinachomshika pande zote, na viti hivyo pale havikuwepo. Nilijifunza zamani kuvitengeneza kwa karatasi: unachana maboksi, unayagandisha tabaka juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga wa muhogo, unayakandamiza kwa mawe, unayaacha juani hadi yawe magumu kama ubao. Wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, wenye maduka ya jumla karibu na soko, walitupatia maboksi ya sabuni na ya samaki wa kopo. Baba wa mtoto alikuwa wa kwanza kukaa chini kuchana. Alikuwa na mkono mzuri. Kiti cha mwanawe alikipima mara tano, akakata mahali pa nyonga kwa kisu cha jikoni, akakipaka rangi ya bluu iliyobaki baada ya mtu kupaka mlango wake. Mwezi wa sita, mtoto aliketi ndani yake akiwa ameinua kichwa kwa muda wa kuhesabu hadi arobaini. Tuliokuwa barazani tulihesabu kwa sauti, wengine kwa Kiswahili na wengine kwa Lingala, na tulipofika arobaini na moja kichwa kikadondoka na yeye mwenyewe akacheka.

Jambo moja nilimsisitizia baba kila siku. Mtoto huyu asilishwe akiwa amelala. Koo lake halifungi sawasawa, na uji unaweza kwenda kwenye mapafu. Akae wima, kijiko kidogo, asubiriwe ameze. Kumlisha namna hiyo huchukua saa nzima, mara tatu kwa siku. Nilimwambia najua inachosha. Akasema sawa, mama kiné.

Kisha Jumanne moja hawakuja. Ijumaa hawakuja. Wiki ya pili nilipiga simu yake, haikupatikana. Wiki ya tatu muuguzi akavua koti lake jeupe, akaniambia twende Lubunga, anajua mtaa.

Tulivuka asubuhi. Mto ulikuwa umejaa mvua, rangi ya chai ya maziwa, na mashine ya mtumbwi ilizima mara mbili katikati na watu wakaendelea kuzungumza mambo yao. Ng'ambo tulitembea tukiuliza: papa wa toleka mwenye mtoto mgonjwa. Kila mtu alimjua. Tulimkuta nje ya chumba chake, amekaa kwenye gogo, mtoto mapajani, baiskeli imeegemezwa ukutani tairi zimekwisha upepo.

Alipotuona hakuinuka. Mtoto alikuwa anahema haraka, ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia ndani kwa kila pumzi, na macho hayakunifuata. Muuguzi alipiga magoti, akaweka sikio mgongoni kwake, akanitazama. Nimonia. Muuguzi akamwambia baba kwamba tunaondoka sasa hivi, akusanye nguo, na yeye mwenyewe akaingia ndani kuanza kuzikusanya.

Tukabaki wawili. Nilimuuliza kwa nini hakumleta. Sikuuliza vizuri, sauti yangu ilikuwa na ukali. Akasema akiangalia chini.

"Ulinielezea kila siku, nimulishe akiwa anaikala. Ile siku nilikuwa nimechoka. Nikamulisha akiwa analala. Uji ikaingia vibaya, akakohoa mpaka akakuwa buluu." Akamwinua mtoto kidogo kifuani. "Nilikuwa na haya ya kukuonyesha uso."

Alikuwa amekwenda kwenye duka la dawa la mtaani, akapewa vidonge, akavisaga na kumpa. Wiki tatu alikaa na aibu ile pamoja na mtoto anayehema vile.

Nilitaka kumkemea. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilimtazama alivyomshika, kiganja chini ya kichwa, vidole vimetanuka kama nilivyomfundisha, na kilichotoka kilikuwa kingine kabisa.

"Mimi pia nilikudanganya," nikamwambia. "Nina mtoto. Ana miaka mitano, nimemwacha kwetu."

"Najua," akasema. "Ile siku nilikuuliza, ulijibu mbio sana."

Halafu akauliza, "Sasa nani iko namubeba?"

"Mama yangu."

"Bon," akasema. "Basi anabebwa."

Akainuka, akajifunga kitenge, tukaondoka. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na furushi la nguo, na nilijua amesikia. Kwenye mtumbwi alilikumbatia furushi hadi tulipokaribia kushuka. Hapo akanigusa goti, akauliza, "Mwanaume ao mwanamuke?" Nikasema wa kiume. Akauliza anafanana na nani. Nikamwambia anafanana na mama yangu, na nikaanza kulia pale mbele ya abiria, na mwanamke mmoja mwenye kapu la kwanga, ile mikate yao ya muhogo, akasogea ili nipate nafasi.

Tulimpeleka hospitali kubwa, akalazwa siku tisa. Nilikwenda kila mchana baada ya kazi. Baba alikuwa hapo, amekaa wima ili mtoto naye akae wima kifuani, amelala hivyohivyo na shingo imepinda. Siku ya nne macho ya mtoto yalinifuata hadi kushoto na kurudi. Siku ya sita akameza uji kijiko kimoja kimoja. Mama yake alifika kutoka Ubundu na treni, kichanga mgongoni, akamchukua mtoto mapajani bila kumuuliza mumewe lolote, akamlisha saa nzima, wima, kana kwamba alikuwa akifanya hivyo miaka yote. Nilisimama kando ya kitanda. Hakuna aliyenihitaji, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, lakini nilitembea kurudi kliniki kwa miguu ili nisifike haraka.

Jumapili ile nilimwomba mama yangu ampe mwanangu simu. Nilimwambia kuhusu msichana anayejifunza kuinua kichwa. Akauliza kwa nini hawezi. Nikamweleza. Akasema yeye anaweza kuinua chake hata akiwa anaruka, na akaniambia nisikilize, akaweka simu chini nikasikia miguu yake ikiruka sakafuni mara nyingi sana.

Nimonia ile ilikuwa imefuta kila kitu. Tulianza upya na kuhesabu hadi tatu. Mama wa mtoto alirudi Ubundu baada ya mwezi, baba akaendelea Jumanne na Ijumaa. Siku yangu ya mwisho mtoto alifika ishirini na sita. Kina mama walikuwa wamepika lituma, ndizi zao za kuponda, na samaki, tukala barazani, na baba wa mtoto akaniuliza jina la mwanangu. Nilimtajia. Akalirudia mara mbili ili alishike vizuri, halafu akainama akamnong'oneza mwanawe sikioni. Nilimbeba mtoto kwa mara ya mwisho. Nilitaka kumwambia baba maneno mengi, nikaishia kumkumbusha kuhusu uji.

Morogoro mwanangu alisimama nyuma ya kanga ya mama yangu. Alikuwa amerefuka na ameng'oka jino. Akanisalimia shikamoo, kama anavyomsalimia mgeni. Ilichukua miezi kabla hajaniita mama bila kwanza kumtazama bibi yake, na siwezi kusema nilistahili mapema zaidi. Nilimwogesha, nikampeleka shule, nikamsikiliza akisoma. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo mahali popote Kisangani. Na bado Jumanne, nikiwa kazini kwangu na mtoto mwingine mapajani, nilikuwa nasikiliza barabara.

Muuguzi alinitumia sauti kwenye simu kila baada ya wiki chache. Mtoto amefika thelathini na tano. Mtoto amepata malaria, amepona. Mtoto anasema neno moja, "yaya", kwao ni dada au kaka mkubwa, na hawajui anamwita nani. Kisha akanieleza kwamba familia imeamua kuwa pamoja, baba amepata kazi ya kupakia mizigo kule mwisho wa reli. Amewaona stesheni ya Lubunga, kiti cha bluu kimefungwa juu ya magunia. Ubundu mtandao unakuja na kuondoka. Namba ya baba ikaacha kupatikana.

Mwaka jana, kwenye kituo cha mafuta barabara ya Dodoma, nilimsikia dereva wa lori akiongea kwenye simu na mkewe, kile Kiswahili cha "iko" na "mutoto" na "donc". Nilisimama karibu naye nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa anauliza habari za paa la nyumba. Nilimsikiliza hadi alipomaliza, nikamsalimia, akaniambia anatoka Lubumbashi, Kisangani hajawahi kufika.

Mwezi uliopita muuguzi akatuma ujumbe. Mfanyakazi mmoja wa reli alileta mtoto wake kliniki, na katika mazungumzo akasema Ubundu kuna msichana anayekaa mlangoni mahali wanapokausha samaki, hatembei, lakini wanunuzi wanamjua kwa kicheko chake kizito. Muuguzi aliamini ni yeye. Mimi pia naamini. Nilimpigia hapohapo nikamuuliza kama yule mtu alimwona akiwa ameinua kichwa. Akasema, dada yangu, hilo sikumuuliza, na yeye amekwisha panda treni kurudi.